Nimempa ushahidi, kaukataa: nifanyeje?

Swali: Mimi ni muuguzi mkunga. Mama anayetuongoza zamu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi, anaamini kwamba usiku wa mwezi mpevu akina mama hujifungua kwa wingi kuliko siku nyingine. Nilimpelekea matokeo ya utafiti uliohesabu watoto zaidi ya nusu milioni na kukuta hakuna tofauti. Alisoma, akanirudishia karatasi, akasema, "Hao hawajawahi kulala leba." Nimevunjika moyo. Je, mtu akishaamini jambo, ushahidi hauna kazi tena? Na nitajuaje kama mimi mwenyewe siko hivyo hivyo?

Jibu: Dada yangu, nianze na utafiti wenyewe, maana nadhani ni ule wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005. Watafiti walichukua kumbukumbu za watoto 564,039 waliozaliwa katika jimbo la North Carolina kati ya 1997 na 2001, yaani mizunguko 62 ya mwezi. Walitazama idadi ya waliozaliwa, njia waliyozaliwa, na matatizo ya uzazi. Mwezi haukuleta tofauti popote. Kwa jambo la aina hii ni vigumu kupata ushahidi mzito kuliko huo, na uko upande wako.

Sasa lisikilize tena jibu la Mama. Hakusema takwimu ni za uongo, wala hakusema hajali takwimu. Alisema waliozikusanya hawakuwepo mahali anapokiona yeye anachokiona. Kwa maneno mengine, anao ushahidi wake, na anauthamini kuliko wako kwa sababu ameuona kwa macho yake. Wengi tunaowaita wabishi wako hivyo: hawajaukataa ushahidi, wameupima na mwingine walio nao tayari, wakaona wa kwao ni mzito zaidi.

Hebu tuutazame huo wa kwake unavyojengeka. Usiku mmoja vitanda vya leba vimejaa, mama mmoja anasukuma, mwingine analetwa kwa kiti cha magurudumu, glavu zinakaribia kwisha. Kiongozi wa zamu anapita dirishani, anauona mwezi umejaa. Usiku huo hautasahaulika, na utasimuliwa. Wiki mbili baadaye leba inajaa vilevile, lakini nje kuna giza. Hakuna anayetazama dirishani, na hata akitazama hakuna cha kumshtua. Kisha unakuja usiku mwingine wa mwezi mpevu, wodi iko kimya, anaandika ripoti ya zamu kwa utulivu, asubuhi anakabidhi na kwenda kulala. Nani atamsimulia mwenzake usiku kama huo? Baada ya miaka mingi ya kazi Mama anabaki na rundo la kumbukumbu ambazo kila moja ni ya kweli, ila zote ni za aina moja. Hajamdanganya mtu. Zile nyingine hazikuhifadhiwa tu.

Mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon aliliandika hili mwaka 1620, akisimulia kisa cha kale cha mtu aliyepelekwa hekaluni akaonyeshwa picha za watu walioweka nadhiri wakaokoka meli zao zilipozama. Aliulizwa kama sasa anakubali uwezo wa miungu. Naye akauliza: na wale walioweka nadhiri wakazama, picha zao zimechorwa wapi? Swali hilo ndilo ninalotaka ulikumbuke kabla ya kumhukumu Mama, kwa sababu karatasi uliyompa ilijibu swali la ni watoto wangapi huzaliwa, lakini haikumwambia chochote kuhusu kwa nini yeye anakumbuka anayoyakumbuka. Kwake ilikuwa kama unamwambia kwamba macho yake ni mabovu.

Kuna jaribio moja ninalolipenda sana kwa sababu linaonyesha kitu hiki kikitokea kidogo kidogo, mbele ya mtazamaji. Mwaka 1992 Peter Ditto na David Lopez waliwaambia wanafunzi wa chuo kikuu kwamba wanapimwa upungufu wa kimeng'enya fulani unaohusiana na maradhi ya kongosho. Kipimo kilikuwa kipande cha karatasi ya njano cha kuchovya kwenye mate yao wenyewe. Kwa kweli ilikuwa karatasi ya kawaida isiyobadilika rangi hata ukiiloweka siku nzima. Baadhi waliambiwa kwamba ikibaki njano, wao ni wazima. Wengine waliambiwa ikibaki njano, wana upungufu. Wale wa kwanza waliitazama, wakaridhika, wakamaliza. Wale wa pili walingoja zaidi, na wengi zaidi walirudia: wanaichovya tena, wanaisogeza, wanangoja labda itageuka. Walipoulizwa baadaye, waliona kipimo hicho si sahihi sana.

Ona kwamba hakuna aliyeitupa karatasi na kusema sitaki kujua. Kila mmoja alikuwa akifanya kile ambacho mtu makini hufanya, yaani kuhakikisha. Kilichotofautiana ni kiasi cha uhakika alichodai. Mwanasaikolojia Thomas Gilovich amelieleza vizuri: habari tunayoitaka tunaiuliza kama tunaruhusiwa kuiamini, na tusiyoitaka tunaiuliza kama tunalazimika kuiamini. Maswali hayo mawili hayana ugumu sawa. Kuruhusiwa ni rahisi, sababu moja inatosha. Kulazimika ni vigumu, maana karibu kila utafiti duniani una upenyo wa kutokea.

Na upenyo huo mara nyingi ni wa kweli, jambo linaloyafanya mabishano haya kuwa magumu. Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa wanafunzi 48 taarifa za tafiti mbili kuhusu adhabu ya kifo, moja ikionyesha inapunguza mauaji, nyingine ikionyesha haipunguzi. Nusu yao walikuwa wanaiunga mkono adhabu hiyo, nusu wanaipinga. Kila upande uliona utafiti wa kwake umefanywa vizuri na wa wenzao una kasoro. Kasoro walizozitaja hazikuwa upuuzi. Zilikuwa pingamizi ambazo mwalimu wa takwimu angezikubali. Ila walizitafuta upande mmoja tu, na mwisho wa kikao pande zote mbili zilijiona zimeimarika. Kwa hiyo nakuuliza kwa upendo, dada: ulipousoma utafiti ule wa North Carolina, uliichunguza mbinu yao, au ulitazama hitimisho ukafurahi? Kama wangekuta mwezi una nguvu, ungeuchapisha na kumpelekea Mama, au ungeanza kutafuta walipokosea?

Kuna jambo ambalo waandishi wengi wa mada hii hulipita haraka, nami nataka tukae nalo. Kushikilia imani mbele ya ushahidi unaoipinga si kosa kila mara. Sayari ya Urani iligunduliwa mwaka 1781, na kufikia miaka ya 1840 ilikuwa wazi kwamba haipiti pale ambapo hesabu za mvutano za mwanasayansi Isaac Newton zilisema ingepita. Ushahidi ulipingana na nadharia. Wanaastronomia hawakuitupa nadharia. Walisema lazima kuna kitu kingine kinachoivuta Urani. Mtu wa nje angeweza kukiita kisingizio cha wakaidi. Lakini Mfaransa Urbain Le Verrier alikaa chini akakokotoa kitu hicho kinapaswa kuwa wapi angani, akamwandikia Johann Galle huko Berlin. Usiku wa tarehe 23 Septemba 1846, siku ileile barua ilipofika, Galle alielekeza darubini akaiona sayari mpya, chini ya nyuzi moja kutoka mahali palipotajwa. Ndiyo Neptuni.

Sasa tazama yaliyofuata. Utaridi, sayari iliyo karibu kabisa na Jua, nayo ilikuwa na hitilafu ndogo katika njia yake. Le Verrier yuleyule, kwa akili ileile, alisema mwaka 1859 kwamba kuna sayari nyingine ndani zaidi, ikaitwa Vulcan. Watu waliitafuta, wengine wakadai wameiona, wengine wakaenda palepale wasione kitu. Kila ilipokosekana kulikuwa na maelezo: ni ndogo mno, mwanga wa Jua unaificha, mtazamaji hakuwa na kifaa kizuri. Le Verrier alikufa mwaka 1877 akiwa bado anaiamini. Mwaka 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba zile sekunde 43 za pembe (sehemu ndogo sana ya nyuzi moja) kwa karne, ambazo Utaridi ilikuwa ikizidisha, zinatokana na namna mvutano wenyewe unavyofanya kazi karibu na Jua. Safari hii nadharia ya Newton ndiyo iliyokuwa na upungufu.

Mtu ni mmoja, na utetezi ni mmoja. Ukaidi hauwezi kueleza tofauti ya matokeo yake mara mbili hizo. Utetezi wa kwanza ulitaja mahali, ukasema nendeni mkatazame, na kama pangekuwa patupu Le Verrier angebaki bila neno. Ule wa pili ulianza hivyo, kisha ukawa unahama kila unapofuatwa. Hapo ndipo mimi huweka mstari. Mtu anayepinga ushahidi wako kwa maelezo yanayoweza kupimwa, na yuko tayari yapimwe, hajafunga mlango hata kidogo. Pengine ndiye atakayekufundisha kitu. Wa kumwangalia kwa makini ni yule ambaye maelezo yake yanabadilika kila yanapokaribia kushindwa. "Hawajawahi kulala leba" bado hatujui ni la aina gani, kwa sababu hujamuuliza: waliolala leba wangeona nini ambacho rejista haikuandika?

Kabla hujaenda kumuuliza, fikiri pia kuhusu gharama. Wewe ni mkunga, kwa hiyo yawezekana unamjua daktari Ignaz Semmelweis. Mwaka 1847, katika Hospitali Kuu ya Vienna, kulikuwa na wodi mbili za uzazi, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga, na homa ya uzazi iliua zaidi katika ile ya madaktari. Rafiki yake Jakob Kolletschka alikufa baada ya kukatwa na kisu wakati wa kupasua maiti, na dalili zake zilifanana na za akina mama wale. Semmelweis akaunganisha: madaktari walikuwa wakitoka kwenye maiti wakienda kwa wazazi. Aliagiza kunawa mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kuanzia Mei. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa akina mama kama 18 kwa kila 100. Kufikia Julai na Agosti idadi ilikuwa imeshuka hadi chini ya 2.

Hata hivyo wakubwa wengi wa fani walimkatalia. Baadhi ya sababu zao zilikuwa za haki kwa wakati ule: hakuweza kueleza ni kitu gani hasa mikono ilibeba, na kitabu chake kilitoka mwaka 1861, baada ya muda mrefu sana. Lakini kuna sababu nyingine. Kumkubali kulimaanisha daktari aseme, niliwaua mimi, kwa mikono hii. Gustav Michaelis, daktari wa uzazi wa Kiel nchini Ujerumani, alikubali. Miongoni mwa waliokufa baada ya yeye kuwahudumia alikuwa binamu yake mwenyewe. Mwaka 1848 alijiua. Sitaki kulinganisha hilo na mwezi mpevu, lakini tusijifanye kwamba ushahidi hupokelewa na akili peke yake. Kila anayeombwa kubadili wazo anaombwa pia kulipa kitu: heshima yake mbele ya vijana aliowafundisha, miaka aliyoyasema maneno hayo, nafasi yake katika kundi. Nayo barua za hasira ambazo Semmelweis aliwaandikia wapinzani wake baadaye, akiwaita wauaji, ziliipandisha bei hiyo badala ya kuishusha.

Umeuliza kama ushahidi hauna kazi tena. Unayo. Huenda umesikia kwamba ukimsahihisha mtu ndiyo unazidi kumkomaza katika kosa. Wazo hilo lilienea baada ya utafiti wa Brendan Nyhan na Jason Reifler wa mwaka 2010, ambamo baadhi ya wahafidhina wa Marekani walioelezwa kwamba silaha za maangamizi hazikupatikana Iraki waliamini zaidi kwamba zilikuwepo. Thomas Wood na Ethan Porter walilijaribu jambo hilo kwa watu zaidi ya 10,000 na mada 52, wakachapisha mwaka 2019: hawakuuona mtindo huo. Kwa kawaida watu wakisahihishwa walisogea kuelekea ukweli. Linalonifurahisha ni lililofuata. Nyhan na Reifler hawakujichimbia. Waliungana na Wood na Porter kufanya utafiti wa pamoja. Wakakuta kwamba masahihisho ya kauli za mgombea yanawafanya wafuasi wake waujue ukweli zaidi, ingawa hayapunguzi mapenzi yao kwake. Hilo la mwisho liweke akilini: Mama anaweza kukubali takwimu zako na bado akaendelea kuutazama mwezi.

Kinachosaidia zaidi ni ushahidi unaolenga sababu za mtu mwenyewe. Mwaka 2024 Thomas Costello, Gordon Pennycook na David Rand walichapisha utafiti wa Wamarekani 2,190 walioamini nadharia za njama. Kila mmoja aliiandikia programu ya akili bandia sababu zake, nayo ikamjibu hoja kwa hoja. Imani zao zilipungua kwa asilimia 20 hivi kwa wastani, na baada ya miezi miwili upungufu ulikuwa bado upo. Karatasi yako ya North Carolina ilikuwa nzuri, ila haikujibu hoja ya Mama. Hoja yake ni leba yenu.

Kwa hiyo nendeni kwenye rejista yenu. Mtafute akiwa peke yake, siyo mbele ya wanafunzi, umwambie unataka kulipima jambo lake vizuri na unahitaji uzoefu wake kupanga. Na uwe unasema kweli. Kabla ya mtu yeyote kufungua daftari, kubalianeni na kuandika: siku zipi zinahesabiwa kuwa za mwezi mpevu, mnahesabu nini, na namba gani itamfanya kila mmoja abadilike. Tuseme mnachukua siku ya mwezi mpevu, ya kabla yake na ya baada yake. Hizo ni siku 3 katika mzunguko wa siku 29.5, karibu sehemu moja ya kumi. Kama wodi yenu hupokea watoto 3,000 kwa mwaka, kwa bahati tu mtegemee kama 305 katika siku hizo, na chochote kati ya 270 na 340 ni mchezo wa kawaida wa bahati. Ondoeni upasuaji uliopangwa tarehe, maana hizo tarehe amezichagua daktari. Akisema tatizo si idadi bali uzazi mgumu, mkubalie, mwandike mapema ni tatizo lipi linahesabika: kutokwa damu kupita kiasi, upasuaji wa dharura, au jingine atakalotaja. Akitaka siku tano badala ya tatu, mpe, ila iwe kabla ya kuhesabu.

Sehemu ya namba itakayombadilisha kila mmoja inakuhusu wewe sawasawa na yeye, na hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Mwaka 1984 Lord, Lepper na Elizabeth Preston walirudia jaribio lile la adhabu ya kifo. Walioambiwa wasome kwa haki bila upendeleo hawakubadilika. Kila mmoja alijiona tayari ni mwenye haki. Walioambiwa wajiulize kama wangeukadiria utafiti vilevile endapo mbinu ni ileile lakini matokeo yamegeuka, wao upendeleo uliisha. Basi kabla ya kuhesabu, jifikirie rejista imetoa 400. Kama jambo la kwanza linalokujia ni kwamba makarani waliandika tarehe vibaya, liandike sasa hivi kama sababu ya kuzikagua tarehe zote, hata kama itatoka 300.

Na ikitoka 300, Mama akasema mwaka huu haukuwa wa kawaida? Muulize mwaka wa kawaida ungeonekanaje, uandike jibu lake, kisha uache. Usimfuate. Kinachobaki cha kuangalia ni kama imani hiyo inagusa wagonjwa. Kuongeza muuguzi mmoja usiku wa mwezi mpevu kunachosha watu tu. Lakini ukiona usiku wa giza zamu inapangwa pungufu, au glavu na dawa za dharura haziandaliwi kwa kuwa "leo hakutakuwa na kazi", hilo usilingojee mashauriano ya rejista. Lipeleke kwa mkuu wa wodi kesho yake asubuhi.